Kabanga haikugunduliwa jana, na kora zake zisiachwe zioze

Mhariri,

Kila nikeli ya Kabanga inapotajwa magazetini, msomaji hubaki na picha ya utajiri ulioibuka ghafla wilayani Ngara baada ya mkataba wa Januari 2021, ulioizaa kampuni ya Tembo Nickel na kuipa Serikali hisa za asilimia 16. Mwamba ule umetafutwa kwa takriban nusu karne. Sehemu kubwa ya yanayojulikana leo yalichorongwa kabla ya mkataba huo, na kumbukumbu za kazi hiyo, hasa kora, yaani nguzo za mwamba zinazotolewa na mtambo wa kuchoronga, huharibika upesi kuliko wengi wanavyodhani.

Kabanga imo katika mlolongo wa miamba ya kimafiki na kiultramafiki (yenye chuma na magnesiamu nyingi) unaoendelea hadi Musongati, Burundi, iliyopanda kutoka chini ikiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, takriban miaka bilioni 1.4 iliyopita. Huko Musongati magma ilipoa ndani ya chumba chake chini ya ardhi, fuwele nzito za olivini, madini ya kijani, zikatua chini, tabaka juu ya tabaka. Mvua na joto la mamilioni ya miaka vikauozesha mwamba huo na kuacha nikeli kwenye udongo mwekundu wa juu. Huku Kabanga magma ilipita katika njia nyembamba, ikayeyusha miamba ya matope ya kale yenye salfa nyingi, na matone mazito ya salfaidi, yaani metali zilizoungana na salfa, yakajikusanya. Kwa hiyo mbale (mwamba wenye madini ya kuchimbwa) nzuri ya Kabanga, yenye nikeli ya karibu asilimia 2, iko mamia ya mita chini ya ardhi, na haionekani kwa macho.

Mpango wa Umoja wa Mataifa, UNDP, ndio uliofungua njia. Kati ya 1976 na 1979 ulipima udongo, ukafanya jiofizikia ya ardhini na kuchoronga mashimo ya kwanza. Sutton Resources waliingia miaka ya 1990. Barrick waliinunua Sutton mwaka 1999, Falconbridge wakajiunga 2005, nafasi yao ikashikwa na Xstrata kisha Glencore. Bei nayo ilivuruga mipango: tani ya nikeli ilipita dola 50,000 mwaka 2007, na kufikia mwisho wa 2008 ilikuwa chini ya 10,000. Leseni za kushikilia maeneo zilipofutwa 2018, mradi ulirudi mikononi mwa Serikali ukiwa na zaidi ya kilomita 500 za uchorongaji. Huo ndio mtaji halisi ambao kampuni iliyofuata iliukuta mezani.

Kwa nini mita zote hizo? Kwa sababu dalili za juu hudanganya. Olivini yenyewe hubeba nikeli kidogo, hivyo udongo juu ya peridotiti yoyote, mwamba uliojaa olivini, utaonyesha nikeli hata pasipo na chembe ya salfaidi. Mtafutaji makini huangalia kama shaba na paladi, metali ya jamii ya platinamu, zimepanda pamoja na nikeli. Maabara nayo iambiwe wazi ipime nini: tindikali kali inayoyeyusha kila kitu hutoa nikeli ya olivini pamoja na ya salfaidi, na mwamba usio na faida huonekana wa maana kwenye karatasi.

Vipimo vya sumakuumeme vina mtego wao pia. Salfaidi nzito hupitisha umeme vizuri sana, lakini miamba ya Kabanga yenye grafiti (kaboni) na pirotaiti (salfaidi ya chuma), isiyo na nikeli ya kuchimbwa, nayo hupitisha. Mashimo mengi katika ukanda huu yameishia humo. Faida huja pale kipimo kinaposhushwa ndani ya shimo lililokosa mbale, kwa sababu huweza kuhisi salfaidi iliyo makumi ya mita pembeni. Ndiyo maana shimo lililokamilika linatakiwa kuwekewa bomba la plastiki, kufungwa kifuniko na kusimikiwa alama ya zege. Likiporomoka, kipimo hicho hakiwezekani tena bila kuchoronga upya.

Sasa kora yenyewe, yenye kipenyo cha milimita 47.6 kwa saizi ya uchorongaji iitwayo NQ. Ya salfaidi nzito ikitoka leo ina rangi ya shaba nyeusi-nyeusi, ni nzito mkononi na hunasa sumaku. Iache kwenye banda lenye unyevu: pirotaiti hushika oksijeni, huvimba, na baada ya miaka michache sanduku lina vumbi la kutu lenye ukoko mweupe. Vumbi hilo haliwezi tena kupimiwa uzito wa mwamba wala kujaribiwa kama mbale itachenjuka vizuri. Masanduku ya mbao huliwa na mchwa, na namba zilizoandikwa kwa kalamu ya wino hufutika. Kora isiyojulikana ni ya shimo gani na kina gani ni jiwe tu.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Sehemu za salfaidi nzito zifungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, iliyojazwa naitrojeni, na zile za majaribio ya uchenjuaji zigandishwe. Masanduku yawe ya plastiki au bati lisiloshika kutu, yenye vibao vya alumini vilivyogongwa namba. Kila kora ipigwe picha ikiwa kavu na ikiwa mbichi kabla ya kukatwa, na nusu moja ibaki daima.

Kumbukumbu za namba nazo zinahitaji jicho. Ramani za zamani zilitumia mfumo wa majira ya mahali wa Arc 1960, na tofauti yake na WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, hapa kwetu ni karibu mita 300. Ukichanganya hizo mbili, utachoronga nje ya mwamba mwembamba kabisa. Mwelekeo wa shimo uliopimwa kwa dira ya sumaku karibu na pirotaiti usiaminiwe bila kurudiwa kwa jairo, kifaa kisichotegemea sumaku.

GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, ndiyo yenye jukumu la kutunza takwimu za kijiolojia za nchi. Itangaze orodha ya kora zilizobaki za ukanda wa Kabanga na za Kapalagulu kule Ziwa Tanganyika, shimo kwa shimo: zipi ni nzima, zipi zimeoza, zipi zimebaki picha na vipimo tu. Serikali ikiwa mbia, bajeti ya banda kavu la kora ipangwe pamoja na ile ya barabara na umeme wa mgodi.

Wako,
Mjiolojia wa utafutaji madini, Dodoma