Tajiri amjuaye maskini akilewa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii kwamba si uungwana kuchekesha watu kwa habari za wasio na makao, kwa sababu anayelala nje hana la kucheka. Hoja yake ina uzito, nami nakubaliana naye kuhusu vichekesho vingi tunavyoonyeshwa siku hizi, ambamo mwigizaji hupakwa masizi usoni, huvalishwa shati lililochanika na kuambiwa apindishe maneno, kisha sisi tunatakiwa tucheke. Humo kinachochekwa ni umaskini wenyewe. Hata hivyo, ipo filamu moja, kongwe kuliko wengi wetu tunaosoma gazeti hili, inayonizuia kuifuata hoja hiyo hadi mwisho wake. Ni City Lights ya Charlie Chaplin, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 30 Januari 1931.

Mhusika wake mkuu ni mtu asiye na nyumba wala jina. Ningemwita mzururaji, ila kwetu neno hilo linanuka karandinga. Filamu inaanza kwa sherehe: wakubwa wa mji wamekusanyika kuzindua sanamu walizoziita Amani na Neema, na hotuba zao hazitoki kama maneno bali kama mikwaruzo ya tarumbeta ya mtoto. Shuka linapovutwa, mapajani mwa sanamu amelala mtu. Anapohangaika kushuka, upanga wa sanamu nyingine unapenya suruali yake kwa nyuma, na papo hapo unapigwa wimbo wa taifa; askari wanapiga saluti, naye, huku akining'inia, anavua kofia na kujitahidi kusimama wima kama raia mwema. Mimi hapo huwacheka wenye hotuba.

Lakini kiini cha filamu ni tajiri mmoja. Usiku, kando ya mto, fukara wetu anamkuta bwana aliyelewa chakari akijifunga shingoni kamba yenye jiwe ili ajitose majini, na anamwokoa baada ya wote wawili kulowa. Tajiri anamkumbatia, anamwita rafiki wa maisha, anamkaribisha nyumbani, anamtembeza kwenye klabu ya usiku, anamzawadia hata gari lake la Rolls-Royce. Kunapokucha na pombe kumtoka kichwani, hamjui. Akilewa tena anamrukia kwa furaha na kumfanyia karamu. Asubuhi yake anaamuru atolewe nje. Tajiri huyu si katili, na hapo ndipo penye utamu na uchungu wa kisa: akiwa na akili zake timamu, yeye ni mtu wa heshima asiyeweza kufahamiana na mtu wa namna ile. Kicheko kinatokana na kurudiwarudiwa kwa jambo hilo, mpaka usiku ambao tajiri anatoa dola 1,000 za kumtibu macho binti kipofu anayeuza maua, wezi wanampiga kichwani, anazinduka akiwa amesahau kila kitu, na aliyepewa fedha anaonekana mwizi. Anawahi kumfikishia binti zile fedha, kisha anakwenda jela.

Kuhusu binti huyo nitasema moja tu. Anamdhania fukara kuwa tajiri kwa sababu amesikia mlango wa gari ukifungwa, nasi watazamaji hatuusikii mlango huo, kwa kuwa filamu haina mazungumzo ya kusikika, ila muziki na milio michache kama ile ya hotuba.

Yumo pia mtumishi wa nyumba ya tajiri, ambaye sijui kwa nini hasemwi sana. Bwana wake akilewa, yeye halewi. Ndiye anayemfungia fukara mlango na kumtazama kama uchafu ulioletwa na upepo. Aliyewahi kusimamishwa getini na mlinzi ambaye nauli ya kurudia kwao hana, atamtambua bila kuelezwa.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba huyu ni maskini wa kubuni wa mtu aliyeshiba. Chaplin alizaliwa mwaka 1889, na mwaka 1896, akiwa na miaka saba, aliingizwa pamoja na mama yake na kaka yake katika nyumba ya kazi ya maskini huko Lambeth, London. Miaka 20 baadaye alitia saini mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka. Tena filamu hii alianza kuishughulikia mwaka 1928, kabla masoko ya hisa ya New York hayajaanguka Oktoba 1929. Ilipotoka ndipo miji ya Marekani ilipokuwa na foleni za watu wanaosubiri supu ya bure. Aliwajua maskini na matajiri, na nadhani ndiyo sababu hakumpamba fukara wake.

Ninalifikiria hasa onyesho moja lisilozidi dakika. Fukara anaendesha ile Rolls-Royce, mfukoni hana kitu, na hamu ya sigara imemshika. Anamfuata polepole mtu anayevuta akitembea kando ya barabara. Mtu yule anapotupa kipisi, fukara mwingine anainama kukiokota. Wetu anaruka kutoka garini, anamsukuma, anakichukua, anarudi kwenye usukani na kuondoka. Yule mwenziwe anabaki ameduwaa, akilitazama gari.

Miaka ile vibanda vya video vilipokuwa vimejaa mtaani kwetu, niliupeleka mkanda huo kwa jirani yangu mwenye kibanda. Mtafsiri aliyezoea kupayuka juu ya kila filamu alijaribu maneno mawili matatu mwanzoni, akaona hayana kazi, akaweka kipaza sauti chini na kutazama kama sisi. Miongoni mwetu alikuwamo kijana mpagazi wa sokoni, ambaye kila mtu alijua kwamba hulala juu ya magunia ya vitunguu aliyopewa kuyalinda. Kwenye sanamu alitabasamu. Kwenye kipisi cha sigara alicheka hadi akashuka kwenye benchi, akaomba mkanda urudishwe nyuma, ukarudishwa, akacheka tena. Tulipotoka aliniuliza kama yule aliyesukumwa alipata kipisi kingine mbele ya safari. Nilimwambia kwamba filamu haikumfuata.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.