Wenye nyumba za mapumziko ziwani watuambie habari za mazuku

Bwana Mhariri,

Hivi karibuni familia yangu ilikodi kijumba cha mapumziko kando ya Ziwa Kivu, magharibi mwa Goma, karibu na ufuo wa mchanga ambako kelele za pikipiki hazifiki, na kwa kuwa wageni wa huko hujipikia wenyewe, tulibeba makala ya kupikia, unga wa muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Jikoni tulikuta sufuria moja tu, tena haina mfuniko; hilo tulilicheka.

Lisilochekesha ni kwamba mwenye nyumba hakututajia mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo kwa uzito wake hutuama mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri upepo unapokuwa umetulia, na humfikia mtoto mfupi kabla mtu mzima hajashtuka. Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyewazuia wanangu kushuka katika shimo la mawe ya volkano nyuma ya nyumba, akiwaonyesha ndege aliyekufa humo.

Naomba wenye nyumba hizi wabandike mlangoni tangazo la mahali pasipokanyagwa, ndipo watusifie ufuo wao.

Msomaji wenu,
Goma