Mkitaka kutusaidia na tabianchi, anzeni na mfongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo ambalo nimelisema kwenye mikutano ya kijiji mpaka nimechoka kunyoosha mkono.

Mimi ni mjane, ninaishi Old Moshi, mkoani Kilimanjaro. Kihamba changu, yaani shamba linalozunguka nyumba, hakifiki ekari moja: migomba, kahawa chini yake, viazi vikuu vinavyopanda mitini, na ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Maji ya kihamba hiki yanaletwa na mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, uliochimbwa na ukoo wa marehemu mume wangu tangu enzi za mababu. Usiku maji hukusanywa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo, alfajiri mwenye zamu anachomoa kizibo na kuyafuata na jembe mpaka shambani kwake. Zamu yangu ni Jumanne.

Januari iliyopita nilichomoa kizibo saa kumi na moja alfajiri. Maji yakatoka kidogo, yakafika mgomba wa nne, yakanywewa na ardhi. Nilipomulika tochi ndani ya nduwa niliona tope limepasuka, nyufa za kuingiza kidole. Vuli ilikuwa imenyesha siku chache tu, tena kwa fujo, ikazoa udongo ikaondoka. Ndivyo mvua zetu zilivyo siku hizi. Hazikosekani moja kwa moja, ila zinakuja zikiwa zimechelewa na zote kwa pamoja, halafu jua linakaa.

Ng'ombe ndio wanaoniumiza zaidi. Huku juu hatuna malisho, tunakata majani na kuwaletea. Kiangazi kikirefuka tunateremka tambarare kutafuta mabua ya mahindi na maganda ya maharage, na huko tunakutana na wafugaji ambao nao mifugo yao inakufa njaa. Siwalaumu hata kidogo, mabua ni yale yale na wote tunayahitaji. Mwaka huu nilimlisha ng'ombe wangu mwenye mimba vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa kwa wiki tatu. Vina maji, lakini havishibishi. Alizaa ndama dhaifu, na maziwa hayakutosha hata huyo ndama.

Wageni wakija wanaelekeza kidole kilele cha Kibo na kusema theluji imeisha, ndiyo maana hamna maji. Ni kweli theluji inaisha: mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 12 hivi, leo haifiki 2. Mimi mwenyewe nimeiona ikipungua tangu nikiwa msichana. Lakini wataalamu waliochunguza mlima huu wanasema mito yetu inalishwa zaidi na msitu, kwa mvua inayonyesha humo na ukungu unaonaswa na miti ya juu. Kwa hiyo moto wa mlimani wa Oktoba 2020, na ule wa Oktoba 2022, haukuwa habari ya watalii na wapagazi peke yao. Kule kunapoungua ndiko maji yetu yanakoanzia, na nashangaa habari hiyo ilivyosahaulika upesi.

Sasa nije kwenye msaada. Miaka michache iliyopita uliletwa mradi, jina lake naliweka kando. Tulikaa semina siku mbili, tukapewa kofia, chakula cha mchana na miche ya miti. Miche ililetwa mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kikali, na wa kumwagilia hakuna. Wakajenga na banio la zege, la kuelekeza maji ya mto kwenye mfongo, bila kumuuliza mzee wetu wa mfongo, ambaye angewaambia kwamba mahali pale mto hujaa ghafla na kuleta magogo. Masika ya kwanza ikaliondoa. Vipande vya zege bado viko mtoni, wanawake wanavitumia kufulia.

Ninachoomba ni kidogo na kinajulikana. Tupewe saruji, nyavu za waya za kujazia mawe na fundi mmoja anayesikiliza, tukarabati mabanio na nduwa tulizonazo. Mifongo mingi imekufa kwa sababu vijana wako mjini na wa kuzibua hawapo. Zamani kwetu mwanamke hakuruhusiwa kugusa kazi ya mfongo. Leo siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wanawake tunawazidi wanaume, na wengi tuna mvi. Kibarua cha kuzibua kikilipwa, hata kidogo, kijana atarudi.

Pili, wazee wa mfongo watambuliwe katika jumuiya za watumia maji, wawe na sauti kwenye vikao na kibali cha maji kiandikwe kwa jina la mfongo. Hao ndio wanaojua nani amechepusha maji usiku na nani ana mgonjwa asikose zamu yake.

Tatu, majani ya ng'ombe. Masika majani yanaoza kando ya njia, Januari tunalia. Nimeona kwa jirani sanduku la mbao la kushindilia majani makavu na kuyafunga kwa kamba. Fundi seremala wa hapa kijijini ndiye aliyelitengeneza. Ofisa mifugo wa kata akizunguka na masanduku matano ya namna hiyo mwezi wa Juni, atakuwa ametufaa kuliko semina kumi. Na yale mabua ya tambarare, halmashauri iwakutanishe wakulima na wafugaji mapema, kabla ya mavuno, tupange bei na zamu badala ya kugombania gari barabarani.

Mfongo wetu tunausafisha Jumamosi ya kwanza ya Februari. Tunakutana bondeni kwenye banio saa kumi na mbili asubuhi. Ofisa yeyote atakayependa kuja, avae mabuti ya mpira, jembe tutampa.

Wako,
Mama wa kihamba,
Old Moshi, Kilimanjaro