Eksirei za atomu nzito hazisambai sawa kila upande

Mhariri,

Makala yenu ya sayansi kuhusu kupima madini kwa protoni ilieleza vizuri jinsi chembe hizo zinavyong'oa elektroni za ndani ya atomu, na jinsi elektroni ya ganda la nje zaidi inavyoshuka kuziba pengo huku ikitoa eksirei inayoitambulisha elementi. Naomba nafasi nisahihishe sentensi moja, iliyodai kwamba eksirei hizo hutoka kwa kiasi kilekile kila upande.

Kwa ganda la K, lililo la ndani kabisa, dai hilo ni kweli, kwa kuwa momenta ya mzunguko ya pengo la K ni 1/2 tu, na pengo la namna hiyo haliwezi kujipanga kufuata mhimili. Ganda dogo la L3, mojawapo ya sehemu tatu za ganda linalofuata (L), lina 3/2. Protoni zikija kwa mkondo mmoja hazizing'oi elektroni za hali zake zote kwa usawa, kwa hiyo atomu zilizobaki na pengo hujipanga kwa kufuata mkondo huo na eksirei zake hazitoki sawa kila upande, jambo ambalo Mjerumani W. Mehlhorn alilionyesha kinadharia mwaka 1968.

Athari yenyewe haionekani sawa katika mistari yote, yaani eksirei za nishati mbalimbali ambazo elementi hutoa. Kwa dhahabu, mstari wa Ll, wenye nishati ya takriban keV (kilo-elektroni-volti) 8.5, huguswa karibu mara kumi zaidi ya Lα, ingawa yote miwili huanzia pengo lilelile la L3. Mistari ya Lγ, inayotokana na L1 na L2 zenye 1/2 kama K, haiguswi kabisa, na ndiyo maana wapimaji huifanya kipimo cha kulinganishia ndani ya spektra ileile (hila nzuri sana, kwa maoni yangu). Mapengo yanayohama kutoka L1 na L2 kuingia L3 huja bila mpangilio, nayo huipunguza athari.

Anayepima dhahabu kwa Lα hatapotoka sana, na simlaumu mwandishi wenu kwa hilo. Anayetumia Ll hana budi kuangalia pembe: kigunduzi kikiwekwa nyuzi 54.7 au 125.3 kutoka mwelekeo wa mkondo, athari hujifuta, lakini kwenye nyuzi 135, ambako maabara nyingi hukiweka, bado hubaki robo ya ile iliyopo kwenye mwelekeo wa mkondo wenyewe.

Mwalimu mstaafu wa fizikia