Kabla ya kumpiga ndala, mtazameni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzee mstaafu wa Mtoni Kijichi, na tangu masika yaanze nyumbani kwangu kuna kesi ya buibui.

Ilianza usiku mmoja umeme ulipokatika. Mkwe wangu aliingia bafuni na tochi ya simu, akatoka mbio na ndala moja, ya pili kaiacha huko huko. "Baba, kuna kaa ukutani!" Nikamwambia, mwanangu, kaa wa mto Mzinga hawajafikia kupanda ukuta. Nikaenda kuona mwenyewe. Sikumlaumu. Mdudu alikuwa bapa, rangi ya kahawia, miguu kaitandaza pembeni kama kaa kweli, na kutoka ncha ya mguu mpaka ncha ya mguu alijaza kiganja changu. Chini ya tumbo alikuwa amekumbatia kitu cheupe cha mviringo, kama kifungo cha koti.

Kulipopambazuka picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mmoja akasema ana sumu kumshinda koboko. Mwingine akaleta ule ujumbe wa "sambaza kwa uwapendao", kwamba huyo akikuuma hospitali hufiki. Picha iliyobandikwa kwenye ujumbe ilikuwa ya buibui mweusi, tumbo la duara kama gololi, hafanani na wangu hata kidogo. Hakuna aliyeliona hilo. Mchana akaja kijana wa kupuliza dawa, akatazama picha muda wa kupepesa jicho tu: Sh80,000 nyumba nzima, na watoto wahame siku 2. Nikamuuliza, huyu anaitwa nani? Akanijibu, "Mzee, huyu ni buibui wa sumu." Basi hilo ndilo jina.

Mhariri, mimi nimekuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini miaka 28, na mdudu yule nilihisi tumewahi kuonana. Kwenye maghala, kuli akiinua gunia, alikuwa akichomoka mmoja wa namna hiyo kama mshale, na sisi tukimcheka yule aliyeruka. Makuli walimwita "abiria", kwa kuwa walisema kashuka melini bila tiketi. Nilidhani ni utani.

Nikamwita kijana wa jirani anayesoma elimu ya wanyama pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuja na daftari, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa bafu. Hakugusia sumu kabisa. Aliuliza kama tumewahi kuona utando wake. Hatujauona, ukuta mtupu. Akauliza anakimbiaje. Kwa ubavu, tena upesi kuliko mjusi kafiri. Kisha akasogeza tochi, akanionyesha mstari mweupe uliopauka chini ya macho, mfano wa masharubu, na macho yenyewe 8, safu 2 za manne manne. Kile kifungo cha koti, akasema, ni mfuko wa mayai. Jike huubeba hivyo hivyo chini ya kifua mpaka watoto watoke. Dume ni mwembamba zaidi na miguu yake ni mirefu.

Jina la kitaalamu ni Heteropoda venatoria. Aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1767 na Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina ya Kilatini. Inaaminika asili yake ni Asia, na amesambaa nchi zote za joto kwa kujificha ndani ya mizigo ya meli. Huko Ulaya humkuta kwenye mikungu ya ndizi. Makuli wangu walikuwa sahihi, na wala hakuna aliyewapa shahada.

Hatandi utando wa kunasia. Anawinda kwa miguu usiku, na riziki yake kubwa nyumbani ni mende. Ukimbana mkononi atakuuma na utaumia, lakini si wa kukupeleka kaburini. Marehemu mama yangu, mtu wa Kilwa, alitukataza kuua buibui kwa sababu ya kisa cha Mtume pangoni. Buibui wa kisa kile alitanda utando na huyu hatandi, ila mama asingekubali hoja hiyo.

Sasa lililonitoa jasho ni hili. Kijana alipomaliza bafuni akaomba kupindua viti vya plastiki vya barazani, pale ninapokunywa kahawa na wenzangu kila jioni. Chini ya kiti cha tatu kulikuwa na utando wa ovyo ovyo, nyuzi hazina mpango, na humo vimening'inia viduara vyenye miiba midogo mwili mzima, kama stafeli zilizokuwa ndogo kufikia njegere. Pembeni kajikunja buibui wa kahawia, mwili wake haufiki sentimita 2. Alipomgeuza kwa kijiti, tumboni ana alama ya rangi ya chungwa, umbo la ngoma iliyobanwa kiuno. Huyo anaitwa Latrodectus geometricus, ni ndugu wa yule mweusi wa kwenye ujumbe. Akimuuma mtu mzima, madhara yake kwa kawaida ni hafifu kuliko ya ndugu yake, na mwenyewe ni mwoga, akiguswa hujiangusha na kujifanya amekufa. Lakini akikuuma inauma hasa, na mtoto hapaswi kumchezea. Mtaa mzima unapiga kelele kwa ajili ya mama wa watu bafuni, kumbe mimi miezi yote nimemkalia mwenye sumu! Viti tulivisugua kwa ufagio wa chelewa na maji ya sabuni. Gharama yake, sabuni.

Ombi langu, Mhariri: wasomaji wakiwaletea picha za "buibui hatari", msizichapishe kabla hamjamwonyesha mtu wa Mlimani. Na kwa wenzangu wa mtaa, mkipiga picha pigeni na utando, na mayai, na mahali alipokaa. Picha ya mdudu aliyekwisha pondwa na ndala haimsaidii mtaalamu wala shetani.

Yule wa bafuni nilimfunika kwa bakuli, nikapitisha kipande cha kalenda ya mwaka jana chini yake, nikamhamishia stoo nyuma ya gunia la mkaa. Mkwe wangu ameridhia akae huko, kwa sharti moja: mkaa nichote mimi.

Mstaafu wa bandarini,
Mtoni Kijichi, Dar es Salaam