Kabla chasisi haijaingia tanurini

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia chasisi imemalizika kuchomelewa. Ila nakusihi, usiipeleke kwenye rangi ya unga (unga mkavu unaopulizwa juu ya chuma, kisha kuyeyushwa tanurini) kabla hujaikagua mishono na mabomba yake.

Rangi hii huivishwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi za Selsiasi. Hewa iliyofungwa ndani ya bomba hutanuka na kutafuta kitundu chochote kwenye mshono, nayo ikitokea wakati rangi bado laini huacha kipovu au kitobo. Kutu huanzia hapohapo. Kwa hiyo vitundu vyote vichomelewe upya, kisha kila bomba lililofungwa pande zote litobolewe tundu la milimita 5 au 6, upande wa chini, mbali na kona na sehemu zinazobeba mzigo. Wakati wa kupuliza mchanga kwa hewa ili kusafisha chuma, tundu hilo lizibwe, la sivyo mchanga utajaa ndani na kumwagika juu ya rangi mbichi.

Weldingi ya MIG, ile ya waya unaojilisha wenyewe pamoja na gesi, huacha vidoa vya kahawia vinavyong'aa kama kioo. Brashi ya waya hupita juu yake tu. Rangi itavifunika vizuri kabisa, halafu vitabanduka nayo. Ving'oe kwa patasi nyembamba, kimoja kimoja, pamoja na matone ya chuma yaliyorukia pembeni. Kingo kali zizungushe kwa tupa, kwa sababu rangi ikiyeyuka hujivuta kutoka ukingoni na kubaki nyembamba. Filla ya kawaida ya bodi usiiguse kabisa, joto litaiharibu.

Mafuta na grisi vioshwe kabla ya kupuliza, maana mchanga huyapigilia mafuta ndani ya chuma na baadaye hayatoki kirahisi. Mwambie fundi atumie garneti, chembe za jiwe gumu, si mchanga wa kawaida: vumbi la silika lililomo kwenye mchanga huo huua mapafu. Magamba meusi ya kiwandani yatoke yote. Kuanzia hapo chasisi ishikwe kwa glavu safi tu, na ipigwe rangi siku ileile.

Orodha ya sehemu za kuziba ili zisipate rangi iandike mwenyewe, usimwachie mpiga rangi: nyuzi zote za boliti, nyumba za bushi, sehemu za waya wa ethi (unaounganisha umeme na chasisi), na nyuso zinazobanwa na boliti za sasipenshoni. Rangi ya mikroni 60 hadi 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) chini ya boliti hubonyea polepole, na boliti hulegea. Namba ya chasisi nayo izibwe kwa tepu ya kuhimili joto, kisha uipake rangi nyepesi kwa mkono ili isomeke.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Fundi mwenzako