Barua kwa mwanangu: ule mkono wa kwenye picha ni wa nani?

Mwanangu Salome,

Ama baada ya salamu, huku sote wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua ila chakula anakula. Hela uliyotuma imefika. Nimelipa michango ya shule ya mdogo wako, iliyobaki baba yako kaidaka ya salfa, maana mikorosho imeshaanza kutoa maua na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, hauna subira. Sasa ile picha.

Umeituma usiku wa manane bila hata shikamoo: mkono wa mwanamume, safu za pembetatu zimeuzunguka, katikati kasa. Ule mkono ni wa nani? Unasema umeuona mtandaoni na fundi kasema atakunakilia vilevile. Sikukatazi tatuu. Una miaka 23, mwili ni wako, na baba yako nitazungumza naye mimi. Ninachokataa ni huko kunakili.

Umekaa Honolulu, huko Hawaii, mwaka wa pili, haya ulipaswa kunieleza wewe. Anayechorwa kākau, tatuu ya Kihawaii, kwa njia ya asili haendi na picha mkononi. Anakaa na fundi, anaulizwa wazazi wake, mababu zake, ardhi anayotoka. Kisha fundi ndiye anayeamua achore nini na akiweke wapi. Zile pembetatu wanaziita niho manō, meno ya papa, na zipo familia ambazo papa ni ʻaumakua wao, mhenga anayewalinda kwa umbo la mnyama. Wengine ni bundi, wengine ni huyohuyo kasa. Basi mkono ule huenda umebeba ukoo wa mtu. Siku mtu wa ukoo huo akikukuta kwenye basi akakuuliza wewe ni wa kina nani, utamjibu nini? Kwamba mchoro ulipendeza?

Angekuja mgeni akapiga picha nembo za usoni mwa bibi yako, akaenda kuzichora pajani kwake, ungefurahi? Maana ya nembo hizo hujawahi kumuuliza bibi, na sisi hatukukuhimiza. Haya, tuyaache.

Tena hao Wahawaii wana donda. Wamisionari waliingia 1820, na katika karne ile kākau ikafifia. 1893 Malkia Liliʻuokalani akapinduliwa, 1896 ikatungwa sheria ya kufundisha kwa Kiingereza shuleni, na lugha yao ikaja kuwa rasmi tena 1978. Kazi ya kuchora kwa kugonga kwa mkono imefufuliwa na watu wa kuhesabika. Keone Nunes wa Waiʻanae, ambaye wengi wa kizazi hiki wamepita mikononi mwake, alifundwa zana na bingwa wa Kisamoa, Suʻa Suluʻape Paulo II. Mtu aliyehangaika hivyo kukirudisha kitu, halafu akikute umekishusha kutoka kwenye simu!

Ukitaka kwa njia hiyo ya asili, omba kwanza kuonana na fundi. Wapo wasiomchora mtu ila awe na damu ya Kihawaii. Ukiambiwa hivyo, shukuru uondoke, usibembeleze. Akikupokea, mweleze kwenu Newala, mama nani, babu nani, na uwe tayari akupe mchoro usioutarajia. Bei usiipunguze. Mōlī ni kichana chenye meno kilichofungwa kwenye mpini. Kinagongwa kwa kijiti, hahau, huku wasaidizi wakivuta ngozi ikaze. Ngozi ikilegea, mstari unayumba na wino unatapakaa chini kwa chini. Usijitikise, na nenda umekula. Muulize zana zinatakaswaje: meno ya mfupa au pembe hayavumilii joto la mashine ya mvuke kama chuma, kwa hiyo lazima akueleze anafanyaje. Asipokuwa na jibu la moja kwa moja, simama.

Ukienda duka la mashine, tafuta leseni ya Idara ya Afya ya Hawaii. Na jihadhari na hiyo wanayoiita “mchoro wa Kipolinesia”: utakuta pe‘a, tatuu ya Samoa, moko, tatuu ya Wamaori wa New Zealand, na alama za visiwa vya Marquesas vimepikwa chungu kimoja, halafu unaambiwa ni Hawaii. Mwambie fundi, heri awe mwenyeji, akutungie kitu kipya cha mgeni. Ua la msanapichi, kwa mfano. Lililetwa visiwani kutoka Amerika ya joto, halina ukoo wa mtu. Uso na viganja usiguse. Ukitaka neno la Kihawaii, lisomwe na anayekijua, maana alama ndogo ikidondoka limekuwa neno lingine, na ngozi haina kifutio.

Sasa la uuguzi. Shangazi yako alitoboa sikio, ndewe ikavimba kama zabibu, unakumbuka. Hiyo ni keloidi, na inakwenda kwa damu. Bega na sehemu ya juu ya mkono ndiko inakopenda kuota, na ndiko ulikokuchagua! Shuka kwenye kigasha au mguu chini ya goti. Anza na vidoti vichache, ungoje miezi mitatu au zaidi, kwa sababu keloidi huchelewa. Kwa weusi wetu, wino mweusi mzito na nafasi pana kati ya mistari ndivyo vinavyosomeka. Mistari ya kubanana hukutana baada ya miaka, na fundi akikandamiza ili wino uonekane, anakuachia kovu.

Ukishachorwa, osha kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo na manukato mara mbili au tatu kwa siku, kausha kwa karatasi safi kwa kubonyeza, paka mafuta kidogo tu. Magamba usiyabandue. Bahari hakuna mpaka ngozi ifunge kabisa, wiki mbili hadi nne. Najua Jumamosi zako za pwani ya Waikīkī, lakini bahari ya joto ina bakteria wa vibrio, na mwaka 2017 iliandikwa habari ya mtu aliyekuwa na ini bovu, aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa, akafa. Wekundu ukitambaa, usaha, homa, au maumivu yakizidi baada ya siku ya tatu, nenda hospitali, usiniandikie mimi.

Mama Severin anakusalimu, anamtambia kila mtu sokoni kwamba wewe ni wa kwake. Paa la jiko limetoboka tena. Mjomba wako anataka viatu, namba 43, nimemwambia angoje.

Jumapili nipigie baada ya misa, saa tano asubuhi huku. Kwenu itakuwa bado Jumamosi saa nne usiku. Uniambie ule mkono ni wa nani. Na kadi yako ya chanjo ya homa ya ini: sindano ya kwanza na ya pili nilikuchoma mwenyewe, ya tatu, ya miezi sita baada ya ile ya kwanza, sijaiona. Ipige picha unitumie kabla fundi yeyote hajakugusa.

Mama yako